Vidole Vitatu Nilivyoinua

Tusekile mwanangu,

Nguo zako nimeshazikunja. Madaftari yako chini kabisa ya begi, na kile kikombe cha bluu nimekizungushia sweta ili kisivunjike njiani. Habari za kuoga, kuswaki na kumsalimia kila mtu mzima utakayekutana naye siziandiki. Mama Mkubwa amelea watoto sita kule Mbebe, hahitaji mafundisho yangu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka kwa miezi mitano. Sasa ni saa tisa mchana. Baba amelala, wewe uko kwa Mama Zaituni unamsaidia kuchagua mchele, na kesho asubuhi gari la Ileje litapita kukuchukua. Kwa hiyo naandika.

Nimekuita mwanangu na wewe unajua mimi ni dada yako. Mama alifariki ukiwa na wiki tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la tano, na nilikuwa sijawahi hata kupika ugali ukaiva. Mama Zaituni, jirani yetu anayeuza chakula kwenye geti la yadi ya malori anakofanya kazi Baba, ndiye aliyenifundisha kukufunga mgongoni na kupima joto la uji kwa mkono kabla ya kukupa. Mara mbili nilisahau kupima. Ile alama ndogo kwenye mdomo wako imetokana na hapo. Watu wakiuliza huwa nasema ulianguka.

Ulipoanza kusema, neno la kwanza ulilonipa lilikuwa Mama. Nyumbani nililipenda. Lakini siku moja, nikiwa kidato cha kwanza, Mama Zaituni alikuleta hadi shuleni kwangu kwa sababu ulikuwa na homa. Uliponiona tu ukaita, "Mama!" Wasichana waliokuwa mstarini wakacheka, mmoja akauliza nilikuzaa nikiwa na miaka mingapi. Ningeweza kuwajibu kwa sentensi moja. Nilichofanya ni kukuinamia sikioni nikakwambia usiniite hivyo mbele za watu. Ulikuwa na miaka miwili. Hukuniita tena hivyo mahali popote, hata nyumbani, na mimi sikuwahi kukuomba ulirudishe. Nakwambia hili mapema ili ujue kwamba jambo lile la yadi halikuwa mara ya kwanza mimi kunyamaza na wewe ukalipa.

Sasa nikueleze kuhusu kreni ya Baba, maana wewe uliiona kwa nje tu.

Mkono wa ile kreni ulikuwa unajirefusha, kipande kikitoka ndani ya kipande, kama antena ya ile redio ya Baba. Mtu akiutazama kutoka chini anadhani ni chuma kigumu kisichopinda. Si kweli. Ukishatolewa wote na kubebeshwa mzigo, ncha yake inanesa kama ua la mahindi kwenye upepo. Opereta akitaka kuuzungusha, akasukuma kijiti cha kuongozea chote kwa mara moja, ncha inabaki nyuma, kisha inakuja kwa nguvu, inapitiliza, inarudi, na mzigo unaoning'inia kwenye waya unayumba nayo. Waendeshaji wengi wanasubiri tu utulie, au wanaukimbiza mzigo huku na huku wakidhani wanautuliza.

Baba hakuwa hivyo. Yeye alikuwa anasukuma nusu, halafu anasubiri, halafu anaongeza nusu iliyobaki. Nusu ya kwanza inauanzisha mkono kuyumba. Nusu ya pili ikitiwa kwa wakati wake inaanzisha kuyumba kwingine, kinyume cha kule kwa kwanza, na kuyumba huko kuwili kunamalizana. Mkono unakwenda umetulia kama umebeba yai. Kusimama ni vilevile. Pale yadi walimwita Mzee Nusunusu, na walikuwa wanamtania kwamba hata chai anakunywa hivyo.

Hilo nililijua kwako kabla sijalijua kwenye kreni. Siku moja, ukiwa na miezi minne, ulilia tangu asubuhi. Nilikuwa nimekubeba, nikirukaruka uani, na kadiri ulivyolia ndivyo nilivyoruka. Baba akarudi kula. Alisimama mlangoni na bakuli lake, akanitazama kwa muda.

"Atu, unamkimbiza huyo," akasema. "Ukimtikisa wakati anarudi unamzidishia."

Akakuchukua. Akainama nusu kuelekea kushoto, akangoja mpaka kichwa chako kikaegemea kifua chake, ndipo akamalizia. Akafanya hivyo upande wa pili. Ulinyamaza kabla mboga haijapoa.

Kidato cha tatu, kwenye fizikia, tulifunga jiwe kwenye uzi tukalibembeza na kuhesabu. Uzi ukiwa mrefu, jiwe linakwenda na kurudi taratibu. Ukiwa mfupi, linaharakisha. Nilikaa pale maabara nikimfikiria Baba. Kumbe kule kusubiri kwake kulitakiwa kubadilika kila waya unaporefuka, na yeye alikuwa anakisia tu kwa mazoea. Jumamosi nikaenda yadi na simu yake. Nikasimama kwenye kona nikapima muda wa kuyumba kwa mzigo mmoja baada ya mwingine, bila kumwambia mtu ninachofanya. Nikaandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nene: waya mfupi, hesabu mbili. Wa kati, tatu. Mrefu, nne. Baba akakibandika mbele ya kiti chake. Baada ya wiki moja alisema kreni imekuwa kama mpya, na kila dereva aliyeingia alionyeshwa lile boksi. "Hii ni kazi ya binti yangu." Dereva mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akiniona ananisalimia kwa Kibemba chao, mulishani ba injinia, na mimi nakimbilia nyuma ya magari.

Nilipomaliza kidato cha nne, Baba aliniombea kazi ya kupiga ishara. Tusekile, sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda kazi ile. Unasimama ukiwa na kizibao cha njano, opereta anakutazama wewe tu, na hakuna haja ya kusema neno. Mkono juu, pandisha. Mkono chini, shusha. Ngumi, simama. Mimi na Baba tulikuwa na ishara zetu mbili za ziada. Akizungusha kiganja mara tatu dirishani, anauliza: ngapi? Namjibu kwa vidole. Na nikikunja mikono kifuani, maana yake sijui, shuka tuongee. Ishara hiyo ya pili tuliiweka siku ya kwanza. Sikuwahi kuitumia.

Sasa siku yenyewe.

Lori lililobeba mashine ya mgodini lilikuwa limevunjika ekseli karibu na ukuta wa nyuma, na mashine ilitakiwa kuhamishiwa kwenye lori jingine. Ardhi ya kule ilikuwa laini, kreni haikuweza kusogea. Ilibidi isimame mbali na mkono utolewe wote, hadi kipande cha mwisho. Nilikuwa sijawahi kuuona umetoka wote. Nilipoutazama ukinesa pale juu hata kabla haujabeba kitu, nilijua boksi langu halina jibu. Nilikuwa nimepima mkono ukiwa umetoka nusu. Hapa mkono wenyewe ulikuwa unacheza, polepole, juu ya kuyumba kwa waya, na hesabu ya waya peke yake haikutosha. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Baba akazungusha kiganja mara tatu.

Wapakiaji walikuwa wamesimama tayari juu ya lori, na madereva kama kumi wanaangalia. Nikachelewa kujibu. Msimamizi wa yadi akasema kwa sauti, "Injinia, leo tunakula au tunahesabu?" Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, walikuwa wanatutania kila siku. Lakini nilihisi uso unawaka, na kitu pekee nilichotaka ni macho yale yaondoke kwangu.

Nikainua vidole vitatu.

Baba akatia nusu. Akahesabu tatu. Akatia nusu ya pili, na mimi nikaona ncha ya mkono bado haijafika ilikotakiwa kufika. Mzigo haukutulia. Ulikwenda, ukarudi, ukaenda zaidi, ukielekea kwa wale wapakiaji. Baba akauvuta ili usiwagonge. Wao waliruka chini wakapona wote, lakini ule mvuto ukaongezeka juu ya kuyumba, na mzigo ukatoka nje mbali. Niliona mwanga chini ya mguu mmoja wa chuma unaoegemeza kreni, mahali ambapo hapatakiwi kuonekana mwanga. Kisha kreni ikalala ubavu. Haikuanguka kwa kishindo kama watu wanavyosimulia. Ililala kama ng'ombe anavyojilaza, na mguu wa Baba wa kulia ulikuwa chini ya mlango.

Wewe ulikuwa getini na Mama Zaituni, mmeleta chakula. Dakika chache kabla ulikuwa umeita "Baba!" na kupunga kwa mikono yote miwili, kama ulivyokuwa unafanya kila siku. Hospitali, msimamizi alisema opereta alimgeukia mtoto wake. Pengine hakuwa na nia mbaya, alitafuta tu la kusema. Aliyefuata akalirudia, na aliyekuja kutupa pole akalirudia tena, "Maskini, alikuwa anampungia mwanawe." Tulikuwa tumekaa benchi moja, mimi na wewe. Nilikuona unawatazama mmoja baada ya mwingine. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Baba hakugeuka, Tusekile. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkazia macho, hakuna mwingine pale anayejua kama mimi. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu. Hata ulipoita hakusogeza kichwa.

Tangu siku ile unakalia mikono yako. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Ukiketi kwenye mkeka, mikono chini ya mapaja. Ukiwa barazani na malori yamesimama foleni, madereva waliokuzoea wanapiga honi wakisubiri uwapungie, na wewe unawatazama tu, mikono imekaliwa. Mwalimu wako aliniita akaniambia hunyooshi tena kidole darasani hata swali likiwa rahisi. Wiki ile ya kwanza Mama Mkubwa alipokuja kutusaidia, aliniuliza, "Huyu mtoto mikono yake ina nini?" Nikamjibu ni baridi. Tunduma kuna baridi, akaamini. Alikununulia glavu za sufu. Ukazivaa, ukazikalia.

Leo asubuhi ulipokwenda kwa Mama Zaituni nimewaambia. Nilianza mara tatu ndipo nikafika mwisho. Baba alikuwa ameketi kitandani, Mama Mkubwa anamfunga bandeji. Baba hakukasirika. Alisema aliona nilivyochelewa kuinua vidole.

"Nikajua huyu hajui," akasema. "Nina miaka mingi kuliko wewe kwenye ile mashine, ningeshuka. Lakini nilisikia wanavyocheka, nikaona haya kushuka."

Nikalia. Alinionea huruma, na huruma yake ikaniumiza kuliko kama angenichapa. Kisha nikafika kwenye habari yako, na hapo uso wake ukabadilika. Kumbe hakuwahi kuisikia. Maneno yale yalisemwa barazani na kwenye mabenchi, hayakuingia chumbani kwake. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli unaamini hivyo, halafu akageukia ukutani.

Mama Mkubwa ndiye aliyesema. Aliweka bandeji chini kwanza.

"Miezi mitano, Atupele. Unamwangalia akikalia mikono, na unaniambia baridi."

Sikukuchukia, sikutaka uumie. Nilikuwa naona kwamba siku nikisema, kila mtu atanitazama, na nikaahirisha kutazamwa kwangu hadi kesho, na kesho yake, na wewe ukabaki umekaa hapo. Ni hivyo tu. Natamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi ya hiyo.

Nilimwomba akuache. Nilipiga magoti, nikasema sasa ukweli umeshatoka, mtoto atapona hapahapa, nitamlea vizuri. Aliniinua kwa mkono. Alisema Baba anahitaji mtu wa kumnyanyua na kumpeleka kliniki, na wewe unahitaji mtu wa kukutazama, na sisi wote tumeona siwezi yote mawili. Alisema nyumba hii dirisha lake linatazama yadi, na kila kreni inapopiga king'ora wewe unaingia chini ya meza. Kule Mbebe utaona milima na mahindi na watoto wenzako. Utarudi likizo. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana nilijua hatabadilisha.

Kisha akasema nikwambie kwa mdomo wangu kabla hujapanda gari. Nikamwambia nitashindwa. Nikianza kuongea na watu wananitazama maneno yananikimbia, anajua. Akafikiri, akasema, "Basi andika, halafu simama usome."

Kwa hiyo barua hii utaisikia kwanza kwa sauti yangu, kesho saa moja asubuhi, hapa barazani. Baba atakuwa kwenye kiti chake. Mama Zaituni nimemwomba aje, na nimemwomba amlete msimamizi na yeyote wa yadi atakayekubali, kwa sababu waliosikia lile la kwanza wanatakiwa kusikia na hili. Huenda nitasoma kwa sauti ndogo. Huenda nitasimama katikati. Nikisimama, unisubiri kidogo, nitaendelea.

Mengine humu hutayaelewa kwa sasa. Mama Mkubwa atakutunzia karatasi, na utakapokuwa unasoma mwenyewe bila kufuata kwa kidole utazirudia. Pengine siku hiyo utanikasirikia. Nimejiandaa, na sitakuambia usikasirike. Kama utakuwa na swali niulize, hata liwe gumu, na kama sijui jibu nitakunja mikono kifuani kama tulivyokubaliana na Baba, nitashuka tuongee.

Na lile jina la zamani, ulilolisema pale shuleni, kama bado unalikumbuka, lipo. Usipolitaka, Dada inatosha.

Nimechungulia sasa hivi dirishani. Uko na Mama Zaituni, anasimulia kitu, na mmoja wa mikono yako umeingia kwenye ungo wa mchele. Mwingine uko pale pale chini ya paja. Nimekaa nikiutazama huo wa kwenye ungo mpaka nimesahau kuandika.

Basi kesho, nikifika kwenye mstari huu, nitakunja karatasi nikupe. Wewe utakuwa umekaa mbele yangu na najua mikono yako itakuwa wapi. Sikuvuti, nitangoja. Utoe mmoja, usubiri kidogo, halafu utoe mwingine. Halafu ingia garini, na gari likianza kuondoka, mpungie Baba. Atakuwa amegeuka kukutazama, na hakuna chochote kitakachoanguka.

Mimi niliyekulea,
Atupele